Miguu Iliyokataliwa na Usubi

Tupokigwe alikuwa na kazi ambayo mama yake mzazi alikufa bila kuielewa: kukaa msituni mchana kutwa, suruali imekunjwa hadi magotini, akingoja wadudu waje kumnyonya damu. Hakuna namna ya kuisema ikasikika vizuri zaidi. Siku kazi hiyo ilipotangazwa kijijini kwao, huko juu milimani Ileje, watu walicheka, wakaguna, kisha wakatawanyika kwenda mashambani. Yeye ndiye aliyebaki amenyoosha mkono, na baada yake kijana mmoja aitwaye Watson, ambaye kusema kweli alinyoosha wa kwake kwa kuona aibu kuzidiwa ujasiri na mama wa miaka arobaini na mitatu.

Mdudu aliyekuwa anatafutwa ni usubi. Ni inzi mdogo, mweusi, mwenye kibyongo, hazidi punje ya mtama, na ukimwona huwezi kumpa heshima yoyote. Anazaliwa kwenye maji yanayokwenda kasi, pale mto unapogonga mawe katikati ya msitu, na kuanzia asubuhi hadi jioni hana shughuli nyingine ila kutafuta miguu ya watu. Akikuuma unaona tone la damu, unalifuta, unaendelea na safari. Ubaya wake unakuja baadaye. Anaacha vimelea mwilini, vinageuka minyoo, na minyoo hiyo inakaa chini ya ngozi miaka kumi na zaidi ikizaa tu, na mtu anawashwa. Siusemi muwasho wa mchezo. Mtu anajikuna usingizini, anajikuna akila, anajikuna mbele ya wakwe zake, na wengine mwishowe hata macho yanaharibika.

Sasa kwa nini Tupokigwe anyooshe mkono? Kwa sababu ya Yesaya, mume wake. Yesaya alikulia kando ya mto huohuo akichunga ng'ombe wa baba yake, na usubi walimla tangu utotoni. Kuanzia magotini kushuka ngozi yake ilikuwa na madoa meupe, imekunjamana kama ya mzee wa miaka tisini. Tupokigwe aliolewa akiwa na miaka ishirini, na katika ndoa yao yote alisikia gunzi la mahindi likikwaruza miguu ya mumewe. Aliumia, jamani. Unampenda mtu, unamwona anajichuna mwenyewe kama anamenya muhogo, na huna la kumfanyia.

Nafuu ililetwa na vidonge. Mara moja kwa mwaka watu hupangwa mstari mbele ya ofisi ya kijiji, kila mmoja anasimamishwa kwenye fimbo yenye alama za rangi, na urefu wake ndio unaoamua ameze vingapi. Vidonge hivyo haviui mnyoo mzee. Vinaua watoto wake, ndio wanaowasha, na yule mzee anabaki humo humo akizaa wengine, kwa hiyo lazima umeze mwaka hadi mwaka mpaka afe kwa uzee wake. Kuna mwaka mvua zilikata barabara dawa zisifike, na Yesaya akarudi kwenye magunzi. Alikonda mwaka ule kwa kukosa usingizi, akawa mkali kwa kila mtu, mpaka Ipyana, binti yao, akakimbilia Mlowo kwa shangazi yake na kuolewa hukohuko. Tupokigwe hakuusahau mwaka huo hata kidogo.

Kwa hiyo aliposikia kuna watu wa utafiti wanataka kujua kama usubi wa mto ule bado wana vimelea, na kwamba majibu ndiyo yatakayoamua kama kijiji kiendelee kupewa dawa au la, hiyo aliiona ni kazi yake kabisa, hata kama angelipwa maharage.

Aliyewaajiri alikuwa binti mmoja mwembamba aitwaye Fides, mwenye mabuti yaliyomzidi, ambaye kijiji kizima kilimwita daktari ingawa kila alipokuja alikana. Aliwafundisha adabu za kazi. Unakaa kwenye jiwe kando ya maji, miguu wazi, umetulia. Usubi akitua, unamfunika na kichupa kabla hajaanza kunyonya, unaziba, unaandika saa. Saa moja anakaa huyu, saa inayofuata anakaa mwenzake, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Halafu akasisitiza jambo moja mara tatu, kidole juu: hakuna kujipaka mafuta, hakuna sabuni ya kunukia, hakuna kitu chochote kwenye miguu. Usubi waikute ngozi ilivyo.

Hao ndio wa kuhesabiwa. Msitu nao una wanyonyaji wengine wasiohesabiwa, na hao walimtesa Tupokigwe bure bila hata kuandikwa. Kulikuwa na mbu wa kwenye mashimo ya miti, wasiojua kwamba mbu mwenye heshima zake hungoja giza. Kulikuwa na pange, ambaye anakuchoma juu ya nguo na sindano anaisikia hata aliye ng'ambo. Kulikuwa na kupe wa kwenye majani ya njiani, ambao Tupokigwe alirudi nao nyumbani na kuwakuta mahali ambapo siwezi kupataja hapa. Hao wote Fides alimruhusu awapige atakavyo. Naye aliwapiga, huku akiwatukana kwa Kindali, mmoja mmoja, kwa ukoo na kwa kabila, na Watson aliyekuwa amelala kwenye majani akingoja zamu yake alicheka mpaka akakohoa.

Kanisani maneno yalikuwepo, yataacha kuwepo? Mama mtu mzima, kiongozi wa kwaya, amevaa suruali, amekaa porini miguu wazi na kijana wa watu. Tupokigwe aliwaambia kina mama waje washuhudie wenyewe. Wakaja watatu, wakaumwa kuanzia visigino hadi shingoni, wakarudi mbio, na maneno yakaisha.

Misimu miwili ikapita hivyo. Siku ya kawaida walijaza vichupa hamsini, siku za mvua za mwanzo vilifika hata tisini, na kila jioni Tupokigwe alirudi na vialama vya damu miguuni, maana mikono haina kasi ya kuwawahi wote. Aliiosha, akapika, akalala. Yesaya alikuwa anaiangalia ile miguu bila kusema kitu. Ni mtu wa maneno machache, tena machache kwelikweli.

Msimu wa tatu ulianza na mawili. La kwanza, Watson alisikia kuna dhahabu Saza, akaacha vichupa juu ya jiwe na kuondoka bila kuaga. Fides alisema atatafuta mwingine, ila kwa muda huo Tupokigwe akae peke yake saa zote. La pili, Yesaya alianza kumchemshia mke wake maji ya kuoga.

Hili la pili ndilo lililotikisa kijiji. Mwanamume wa milimani kule, mwenye miaka hamsini na nne, ambaye katika ndoa ya miaka ishirini na mitano hakuwahi kuinjika hata chai, sasa anaamka kabla ya mke, anakoka moto, anapeleka ndoo bafuni. Alimwambia tu kwamba asubuhi msituni kuna baridi. Akaongeza kwamba maji ya mwisho ajimwagie miguuni na asijifute, yakaukie mwilini, ndiyo yanaondoa uchovu. Tupokigwe aliona ni maajabu. Maji yalikuwa yananukia majani mabichi kidogo, lakini maji ya bomba la mserereko, yanayoshuka yenyewe kutoka mlimani, kule kwao hunukia majani kila mvua zikinyesha, kwa hiyo hakujiuliza. Aliringa. Aliwasimulia wanakwaya mara nne, wakamwonea wivu wa wazi, na wawili walikwenda kugombana na waume zao.

Na usubi wakaanza kupungua. Siku ya kwanza vichupa thelathini. Wiki iliyofuata kumi. Mwezi ulipokwisha alikaa kutoka jua linapochomoza hadi linapotua akarudi na viwili, kisha kimoja, kisha hakuna. Aliwaona wachache wakizunguka, wakishuka kama wanaotaka kutua, halafu wakigeuka. Alifikiri ni dawa ya miaka mingi iliyofanya kazi, au ni mvua, au ni Mungu. Miezi mitatu ikaenda hivyo.

Fides alipokuja kuangalia daftari alilisoma mara mbili, akatabasamu, akaitisha mkutano. Aliwaambia watu kwamba mto wao unaonekana kusafishika. Msimu ukiisha hesabu zikiwa hivihivi ataandika taarifa, na mwakani kijiji kitatolewa kwenye orodha ya wanaopewa dawa, kwa kuwa hakutakuwa na haja tena. Watu walipiga vigelegele. Mchungaji akaomba. Tupokigwe alisimamishwa mbele akapigiwa makofi, na Yesaya alipiga yake kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu naye aliamini kabisa kwamba balaa limeondoka.

Siku kumi kabla ya msimu kuisha, Ipyana alijifungua Mlowo, na Yesaya akashuka na mkungu wa ndizi na kuku wawili kwenda kumwona mjukuu. Alilala huko siku tatu. Siku ya kwanza Tupokigwe alichelewa kuamka, akajimwagia maji ya baridi kwa haraka huku meno yakigongana, akaenda zake msituni.

Hakuwa hata amemaliza kukunja mguu wa pili wa suruali. Usubi walimshukia miguu yote miwili, akafunika mmoja wakatua wanne, akafunika wanne wakatua kumi. Kufika saa tatu asubuhi vichupa vilikuwa vimemwishia. Alikaa pale anatoka damu, mikono mitupu, anawaangalia wanavyokula. Wadudu hawa hawakwenda popote. Walikuwepo siku zote. Waliomkataa walimkataa yeye, na leo wamempokea, sasa leo kuna nini ambacho jana hakikuwepo?

Siku ya pili alioga tena maji ya baridi, wakaja vilevile. Jioni hiyo, jua likiwa bado lipo, aliingia jikoni akaanza kupekua. Nyuma ya kuni, chini ya ungo, alikuta sufuria kuukuu lenye majani yaliyopondwa, yamelowekwa, maji yamekuwa ya kijani. Hakuhitaji kuyaonja. Ulikuwa utupa, ule mmea ambao kila mwenye shamba la kahawa kule huuotesha pembeni ya mashamba. Majani yake yanapondwa, yanalowekwa, ng'ombe anaoshwa, na kupe wanadondoka wenyewe. Mume wake alikuwa anamwogesha dawa ya ng'ombe.

Alicheka kwanza. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni akacheka mpaka machozi. Kisha akakumbuka daftari la Fides lenye sifuri za miezi mitatu, akakumbuka vigelegele, akakumbuka ule mwaka ambao dawa hazikufika. Kicheko kikamkauka.

Yesaya aliporudi na salamu za mtoto na furushi la dagaa, alikuta badala ya chakula amewekewa lile sufuria. Hakukana. Alisema ndiyo, ni yeye, na wala hakuona kosa. Kwa hesabu yake, mke wake alilipwa posho ya kukaa. Mlinzi anakaa getini, wezi wasipokuja, nani atamlaumu? Wale wa utafiti, alidhani, wana mashine zao za kujua mambo ya mto, na vichupa ni vya kuonyesha tu kwamba mtu alikuwepo kazini. Mtu msomi kabisa angewezaje kutegemea miguu ya Mama Ipyana?

Tupokigwe alimweleza polepole. Hakuna mashine. Mashine ni hii miguu. Usubi wasipotua hapa, kule wanaandika kwamba hawapo, na wakiandika hawapo, vidonge vinakoma. Alimwona anavyoelewa. Yesaya aliinama akayashika magoti yake kwa mikono yote miwili. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake, alikuwa amejinyang'anya dawa, na kijiji kizima pamoja naye.

Baadaye alimwomba mke wake anyamaze. Wiki iliyobaki aoge maji ya baridi, usubi wajae vichupani, hesabu zipande zenyewe, nani atajua? Tupokigwe akamjibu kwamba wiki moja haifuti miezi mitatu. Yesaya akasema watamcheka. Na hapo alisema kweli, maana kule kwao mtu akichekwa kwa jambo kama hilo, wajukuu zake watarithi hilo jina. Mwanamume aliyemwogesha mkewe utupa! Wiki hiyo nzima walikula chungu kimoja bila kusemezana, na Tupokigwe kila asubuhi alijimwagia maji ya baridi, akaenda kuumwa. Kusema kweli alikuwa na hasira naye, na alikuwa anamhurumia, na hakujua lipi linamzidi. Mara mbili njiani aliamua kunyamaza kama alivyoombwa. Mara mbili akaamua kusema.

Fides alikuja kufunga msimu siku ya Alhamisi, na watu walijaa kwenye ofisi ya kijiji kwa sababu palikuwa na soda. Alipofungua daftari akaona wiki ya mwisho, alikunja uso. Sifuri, sifuri, sifuri, halafu ghafla mia na zaidi. Akauliza, kwa upole tu, kama kuna mtu mwingine aliyekaa mtoni badala yake.

Tupokigwe alisimama.

"Ni mimi niliyekaa siku zote. Hizo sifuri ndizo za uongo, daktari. Usubi wapo, tena wengi. Nilikuwa naoga utupa."

Mtu mmoja huko nyuma akarudia lile neno utupa, na ofisi nzima ikaangua kicheko. Mwenyekiti wa kijiji hakucheka. Yeye aliona taarifa nzuri ya kijiji chake inayeyuka mbele ya wageni, akamwambia akae chini asiwaharibie. Fides alinyoosha mkono kutuliza watu. Akamuuliza nani alimpa hiyo dawa.

"Hakuna aliyenipa," Tupokigwe alisema. "Nilichoka kuumwa."

Alikuwa tayari kubeba lawama. Jina lake lilikuwa limeshaharibika, kuliongezea uzito hakukumgharimu kitu, na mume wake angebaki na jina lake. Lakini Yesaya alikuwa mlangoni, mahali anaposimama siku zote kwenye mikutano ili awe wa kwanza kutoka. Akaingia ndani. Watu wakampisha.

"Anasema uongo," alisema. "Mimi ndiye niliyemwogesha, na yeye hakujua. Ninyi mnaijua miguu yangu. Nilikuwa naona anarudi kila jioni anatoka damu, nikahesabu miaka, nikaona atakavyokuwa. Nikataka katika nyumba ile ibaki miguu mizima, hata kama ni miwili tu."

Hakuna aliyecheka tena. Wengi waliokuwa mle ndani walikuwa na miguu kama yake, na wengine mama zao walikufa vipofu, wakiongozwa kwa fimbo. Mama mchungaji alijifuta uso kwa upindo wa kitenge. Mwenyekiti akaangalia dirishani.

Fides alitoa kalamu akapiga mstari juu ya kurasa zote za miezi mitatu, moja baada ya nyingine, na ilichukua muda. Kisha akasema yatakayokuwa. Msimu huu umefutwa, utarudiwa. Dawa zitaendelea kuja mwakani na mwaka unaofuata, mpaka mto upimwe upya. Ila utaratibu ni utaratibu, na Tupokigwe hataruhusiwa kukaa tena kwenye lile jiwe. Aliposema hivyo akainama kufunga mkoba wake. Tupokigwe alimshukuru. "Ndaga," alisema, na akamrudishia kalamu na kisanduku cha vichupa vilivyobaki.

Walirudi nyumbani wawili, yeye mbele, Yesaya nyuma, kama ilivyo kawaida ya njia nyembamba ile ya mashamba ya kahawa. Kazi alikuwa ameipenda. Hakuna aliyewahi kumtegemea kwa jambo kubwa kabla ya hiyo, na alijua hakuna atakayemtegemea tena hivyo upesi. Machozi yalimtoka akayaacha yatoke, kwa kuwa aliyekuwa nyuma hawezi kuyaona. Walipofika kwenye kilima cha kwao alisimama kupumua.

"Ungeniuliza, Baba Ipyana," alisema bila kugeuka. "Kabla ya kuchemsha hayo majani yako, ungeniuliza."

"Ungekataa."

Alitaka kumjibu kwa ukali, na alikuwa na haki hiyo.

"Ningekataa," alisema.

Yesaya akamfikia pale aliposimama, akakaa chini kwenye majani, akaanza kumtoa mkewe kupe mmoja aliyekuwa amemng'ang'ania kwenye kifundo cha mguu.